Barua za babu kwa nkambo, vita vya Katanga 1960–1967: naomba msaada kuhusu barua ya mwisho

#1 Mjukuu wa Kenya (Lubumbashi), mwanzisha uzi

Ndugu zangu, jamboni. Mimi ni wa Lubumbashi, komini ya Kenya (si nchi ya Kenya, ni mtaa wetu hapa mjini). Uzi huu utakuwa mrefu, mnivumilie. Nitauandika kwa vipande kila nikitoka kazini.

Nina barua 31 ambazo babu yangu alimwandikia mke wake kati ya 1960 na 1967. Huku kwetu nkambo ni babu na ni nyanya pia, lakini humu nikisema nkambo namaanisha mama mzazi wa baba yangu. Na neno "bibi" mtakaloliona ndani ya barua maana yake ni mke, msije mkachanganyikiwa.

Babu alikuwa jandarme wa Katanga. Nkambo alikuwa Muluba wa upande wa Bukama. Wanaojua historia ya huku wameshaona shida ilipo. Kwa wasiojua: Kongo ilipata uhuru tarehe 30 Juni 1960, na tarehe 11 Julai Moïse Tshombe akatangaza kwamba Katanga imejitenga. Alikuwa na shaba, alikuwa na fedha za Union Minière, na maofisa wa Kibelgiji walimuundia jeshi, hiyo jandarmeri. Lakini Katanga yenyewe haikuwa na moyo mmoja. Waluba wa kaskazini, watu wa chama cha BALUBAKAT cha Jason Sendwe, walikataa. Kwa hiyo vita ambavyo wengi wanavikumbuka kama vya Tshombe na Umoja wa Mataifa, kwetu vilianza kama vita vya Wakatanga wao kwa wao, kule Manono, Mitwaba, Luena, Bukama. Babu, kijana wa Kasenga aliyekuja mjini kutafuta kazi, akapelekwa kaskazini kupigana na wakwe zake.

Barua zimekaa miaka yote kwenye kopo la biskuti. Bahasha za mwanzo zina stempu za Kongo ya Wabelgiji zilizopigwa chapa ya neno KATANGA juu yake. Za 1961 zina stempu za Katanga yenyewe, zile zenye sanamu za kuchonga. Nyingine hazina stempu, zililetwa mkononi na wenzake waliorudi likizo. Karatasi ni za daftari la miraba, na aliandika kwa penseli ya kopi, ile ambayo ikilowa inageuka zambarau. Ndani ya bahasha moja bado kuna sarafu ya faranga 5 ya Katanga: upande mmoja ndizi, upande wa pili ule msalaba wa shaba. Alimtumia baba yangu achezee.

Nkambo hakujua kusoma. Lakini ukimwonyesha barua yoyote kwa mbali alikuambia ni ipi. Hii ni ya doa la mafuta, hii ni ya kona iliyoliwa na mende, kisha anaisema kuanzia salamu mpaka mwisho, wewe unafuatisha kwa kidole. Nilimjaribu zote 31 kabla hajafariki. Alikosea mahali pawili tu, na pahali pamoja nadhani aliyekosea ni babu.

Nitaendelea kesho.

#2 Mzee wa Ujiji (Kigoma)

Mkuu endelea, tumekaa mkao wa kusikiliza. Mimi nilikuwa mdogo wakimbizi wa Kongo walipovuka ziwa kuja kwetu mwaka 1964, kwa hiyo hizi habari zinanigusa. Swali: kama nyanya hakujua kusoma, nani alimsomea? Maana barua ya mume kwa mke ina mambo ya ndani.

#3 Mjukuu wa Kenya

Mzee wangu, umegusa penyewe.

Alimsomea mtoto wa jirani, aliyekuwa darasa la tano shule ya wamisionari. Alikuja jioni, akaoshwa mikono, akaketi kwenye kigoda karibu na taa. Nkambo alimpa kwanza bukari na sombe (ugali na kisamvu), ndipo asome. Na kule kambini babu alikabidhi barua bahasha ikiwa wazi, ofisa anapitisha macho kwanza. Kwa hiyo kila neno la babu lilipita kwa ofisa, likapita kinywani mwa mtoto wa miaka kumi na mmoja, ndipo likamfikia mkewe. Na jibu lilirudi kwa njia hiyo hiyo, kwa mkono wa yule yule mtoto.

Nilipoanza kuzisoma nilikasirika. Nilikuwa natafuta vita, nakuta bei ya makala. Sikilizeni hii ya Juni 1961, naiweka kama ilivyo, kwa Kiswahili chake:

"Bibi yangu, lamuka. Miye niko muzima, sijue weye na batoto. Nakutumia falanga mia mbili, ulipe deni ya makala. Kinga usiiuzishe. Mulango ya nyuma inafungaka muzuri?"

(Lamuka na lamukia ni maneno ya salamu. Kinga ni baiskeli.)

Karibu barua zote ziko hivyo. Deni, baiskeli, homa ya mtoto, na mwishoni kabisa mlango wa nyuma. Barua ya pili, mlango wa nyuma. Ya tano, mlango wa nyuma. Nikamuuliza nkambo, babu alikuwa anaogopa wezi? Akanitazama muda mrefu. Akasema nyumba ile haikuwa na mlango wa nyuma.

Ilikuwa nyumba ya chumba na sebule, mlango mmoja unaotazama njia. Nyuma kulikuwa na ukuta wa matofali uliobomoka kidogo, kiasi cha mtu kupita akiinama, na upande wa pili ni ua wa yule jirani. Jirani walikuwa Wabemba. Babu na nkambo walikubaliana kabla hajapanda treni: siku wakianza kuwakamata Waluba usiku mitaani, yeye na watoto watapita pale. Kwa hiyo babu akiuliza kama mlango unafungika vizuri, anauliza kama jirani bado ni wetu. Nkambo anajibu, "mulango inafungaka". Ofisa anasoma, anaona mume anayejali nyumba yake.

Yule mtoto aliyekuwa akisoma bado yupo. Sasa ni mzee, anatembelea mkongojo, tunasali kanisa moja. Mwaka jana nilimweleza habari ya mlango akanyamaza. Kisha akaniambia kwamba alipokuwa mtoto jambo hilo lilimsumbua, maana aliijua nyumba ile, na aliwahi kumuuliza nkambo, "Mama, mulango gani?" Akaambiwa ni mlango wa nyumba ya kijijini. Akaamini hivyo kwa miaka zaidi ya sitini. Naye ndiye alikuwa mtoto wa huo mlango.

#4 Mwana Bukama

Ndugu, nakuheshimu wewe na nkambo wako. Lakini sitakaa kimya. Mimi ni wa Bukama. Jandarme walipita kwetu 1961 na moto. Mama yangu mzazi alizaliwa porini kwenye matete ya Lualaba kwa sababu kijijini hapakuwa na paa hata moja. Sasa naona watu wanasema "mkuu endelea" kana kwamba tunasimuliwa mapenzi. Babu yako alikuwa wapi Machi 1961? Hilo ndilo nataka kusoma.

#5 Binti wa Kadutu (Bukavu)

Mwana Bukama pole sana. Lakini tumwache amalize, hajasema babu yake alikuwa malaika.

#6 Mjukuu wa Kenya

Mwana Bukama, una haki ya kuuliza, na sitakuzungusha. Nilikuwa nimepanga kuiruka barua hiyo. Umenizuia, na umefanya vema.

Babu alikuwa kwenu. Machi 1961. Barua ni fupi kuliko zote, nusu ukurasa, na penseli imekandamizwa mpaka karatasi imetoboka pahali pawili. Salamu ya kawaida. Falanga hamna mwezi huu. Kisha:

"Nilipita kwenu. Muti ya maembe iko."

Kisha lamukia batoto, basi. Hata mlango wa nyuma hakuuliza.

Nkambo alinisimulia jioni ile ilivyosomwa. Mtoto alimaliza akaanza kuikunja. Nkambo akamwambia, soma tena. Akasoma tena. Akamuuliza, "Na kisha?" Mtoto akasema, "Kisha ni salamu, Mama." Mara ya tatu hakumwomba asome. Mwembe ule ulikuwa kati ya nyumba ya baba yake na nyumba ya kaka yake mkubwa. Mtu akikuletea habari za kwenu anakuambia baba hajambo, mama hajambo, nyumba imeezekwa upya. Mume wake alimtajia mti.

Hakumjibu kwa karibu miezi miwili. Barua mbili za babu zilizofuata zina mstari mmoja tu wa ziada: "Sijapata jibu." Alipojibu, alimwambia mtoto aandike kwamba kitinda mimba ameota meno mawili ya chini. Hakuongeza kitu.

Je, babu alishika kiberiti? Sijui nikudanganye nini. Alikuwa na bunduki, alikuwa na sare, alikuwa pale. Nilimuuliza nkambo kama aliwahi kumuuliza babu uso kwa uso, maana babu alirudi nyumbani siku chache Januari 1963. Akasema, "Sikumuuliza." Nikamwuliza kwa nini. Akasema kama angesema ndiyo, asingeweza kumpikia, na kama angesema hapana, asingemwamini. Baba yake na mama yake walipatikana hai baadaye, wakiwa kwa ndugu upande wa Kamina. Kaka yake hakupatikana.

Sina cha kukupa zaidi ya hicho, ndugu yangu. Ila jua kwamba nkambo naye ni wa kwenu.

#7 Mwana Bukama

Nimesoma. Asante kwa kutoficha. Mwembe huo kijiji gani? Kama hutaki kuandika hapa, nitakutumia ujumbe.

#8 Mjukuu wa Kenya

Nimekujibu kwenye ujumbe.

Naendelea. Agosti 1961 hali ya mjini iliharibika. Waluba walikuwa wanakamatwa na kupigwa kwenye makomini, na wengi wakakimbilia kwa askari wa Umoja wa Mataifa. Tarehe 28 Agosti askari hao walianza kuwakamata maofisa wa kigeni wa jandarmeri, na siku zile zile ikaja barua mkononi mwa dereva wa lori. Mistari minne, na wa tatu unasema:

"Kama mulango ya nyuma inaaribika, usingojee fundi."

Nkambo hakungoja asubuhi. Alipita ukutani na watoto watatu, wa mwisho mgongoni, na kopo la biskuti ndani ya sufuria. Jirani waliwaficha siku mbili, kisha baba wa yule mtoto msomaji akawasindikiza mwenyewe mpaka kambi ya wakimbizi. Makumi ya maelfu ya watu walilala pale, chini ya magunia na mabati na matawi. Nkambo alisema kitu alichokumbuka zaidi ni moshi, maana watu walikata kila mti uliokuwa karibu ili wapike. Tarehe 13 Septemba mji ukawaka kwa risasi, na usiku wa kuamkia tarehe 18 ndege ya Dag Hammarskjöld, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, ikaanguka karibu na Ndola, hapo ng'ambo ya mpaka. Desemba wakapigana tena.

Babu hakujua mkewe yuko wapi. Aliendelea kuandika kwenye anwani ile ile ya komini ya Kenya. Barua sita, kuanzia Septemba 1961 mpaka Aprili 1962, na katika hizo sita hakutaja deni wala baiskeli, ni mlango tu. Jirani walizichukua, wakaziweka juu ya kabati bila kuzifungua. Mwaka 1962 kambi ilipokuwa inafungwa na watu wanapakiwa kwenye treni kupelekwa Kasai na kaskazini, nkambo alikataa kupanda. Alirudi kwa miguu mpaka Kenya. Nyumba ilikuwa na watu wengine. Jirani wakamkaribisha, wakamshushia zile barua sita, na yule mtoto, sasa wa darasa la sita, akamsomea zote usiku mmoja. Aliniambia sauti ilimkauka.

Ya mwaka 1963 napita haraka. Umoja wa Mataifa ulimaliza kazi, ukaingia miji ya mwisho ya Tshombe: Jadotville, yaani Likasi, mwanzoni mwa Januari, Kolwezi tarehe 21. Babu alikuja nyumbani siku tano, akatengeneza baiskeli, akaondoka na wenzake kuvuka Angola. Mwaka 1964 Tshombe akawa waziri mkuu wa Kongo nzima, akawaita jandarme wake warudi kupigana na waasi walioitwa Simba. Hapo barua zinatoka Stanleyville, Kisangani ya leo, na ni chache. Julai 1966 kikosi chao kiliasi. Julai 1967 kukawa na uasi mwingine, wa mamluki wakiongozwa na Jean Schramme, na babu akawa kati ya Wakatanga waliofuatana nao mpaka Bukavu.

Sasa nafika kwenye shida yangu. Barua ya mwisho ni ya Novemba 1967. Padri aliileta mkononi mwaka 1968. Anwani inasema Lubumbashi, jina jipya la mji uliokuwa ukiitwa Élisabethville, ndiyo barua pekee yenye jina hilo. Mwandiko si wa babu. Inasema:

"Bibi yangu, nakulamukia. Tulivuka maji, tuko ngambo. Silaha tulitoa. Tunakula mara moja kwa siku. Beko banasema tutarudi kwetu. Lamukia batoto yote."

Hakuna mlango wa nyuma.

Ilipomalizika kusomwa nkambo alisema, "Hii si yeye." Aliamini mpaka kufa kwake kwamba babu alikuwa ameshafariki, na rafiki fulani aliandika ili kumtuliza. Alianza matanga siku hiyo hiyo. Babu hakurudi kamwe. Ninachoomba: wenye wazee waliokuwa Bukavu wakati ule, au wenye barua ya aina hii nyumbani, mnisaidie.

#9 Binti wa Kadutu (Bukavu)

Kaka, "maji" hayo ni Ruzizi, pale inapotoka ziwa Kivu. Daraja liko karibu kabisa na mji, ng'ambo ni Cyangugu, Rwanda. Baba yangu alikuwa kijana. Anasema Schramme aliingia Bukavu Agosti 1967, watu tukaukimbia mji, tukakaa vijijini upande wa Kabare na Walungu miezi mitatu tukisikia mizinga ya jeshi la serikali. Mwanzoni mwa Novemba mamluki na Wakatanga wakavuka, na Rwanda ikawanyang'anya silaha. Sisi tuliporudi tulikuta nyumba hazina milango, yote imefanywa kuni. Samahani kwa kukuletea habari ya milango tena, lakini ndivyo baba anavyosema.

Wazungu walipelekwa kwao kwa ndege mwaka uliofuata. Wakatanga walirudishwa Kongo. Kwa hiyo barua inasema ukweli kuhusu mahali. Aliyeiandika alikuwa ng'ambo kweli.

#10 Mzee wa Ujiji

Nyanya alijua mume wake. Mtu hawezi kuuliza jambo moja miaka saba halafu akalisahau. Mimi naungana naye.

#11 Mwalimu wa Likasi

Ndugu Mjukuu, nimesoma uzi wako mara mbili, nimekwenda kuamsha mama yangu. Na sisi tuna barua moja ya mjomba wake, jandarme, aliyekuwa Bukavu. Iko ndani ya Biblia. Nakuandikia inavyosema:

"Mama yangu, nakulamukia. Tulivuka maji, tuko ngambo. Silaha tulitoa. Tunakula mara moja kwa siku. Beko banasema tutarudi kwetu. Lamukia bandugu yote."

Karatasi haina miraba, ni kama imekatwa kwenye kitabu cha hesabu cha duka, ina mstari mwekundu pembeni. Herufi y ina mkia uliopinda kama ndoano. Angalia ya kwako.

#12 Mjukuu wa Kenya

Mstari mwekundu upo. Mkia wa y upo.

Mwalimu, mikono inanitetemeka. Jumamosi nakuja Likasi, nitapanda gari la asubuhi. Nakuja na ya kwangu.

#13 Mjukuu wa Kenya

Nimerudi jana usiku. Tuliziweka barua mbili juu ya meza ya mama yake Mwalimu, kando kwa kando. Ni mwandiko mmoja, na siku ni moja, tarehe 19 Novemba 1967. Maneno ni yale yale isipokuwa mama badala ya bibi, ndugu badala ya watoto. Kingo za karatasi zinaingiana: ya kwao ilichanwa kutoka kwangu, au ya kwangu kutoka kwao. Inaonekana kulikuwa na mtu mmoja mwenye kalamu, na foleni, na kila mmoja akapewa sentensi zile zile na kutaja jina la mtu wa kumpelekea. Hakukuwa na nafasi ya mlango.

Mtu aliyekufa hasimami kwenye foleni kutaja jina la mkewe na komini yake na namba ya njia. Namba ya njia iko sahihi.

Shangazi yangu, yule aliyekuwa mgongoni usiku wa ukuta, aliyeota meno mawili ya chini, amenisikiliza mpaka mwisho. Kisha ameniomba niende kumwita mzee wetu wa mkongojo aje kesho jioni amsomee barua hiyo yeye mwenyewe. Amesema atapika bukari na sombe.

#14 Mwana Bukama

Nimefika kijijini kwa nkambo wako leo mchana. Mtandao ni mbaya, picha zinakataa kupanda. Nitajaribu nikifika Bukama mjini. Mti upo.